Nani Aliyefia Nyikani? Mapenzi na Tanzia katika Hadithi Fupi ya Australia ya Kikoloni

Kuna mazoea yaliyokita mizizi miongoni mwa wahakiki wa hadithi fupi ya Australia ya kikoloni: kila panapotokea kifo, nyika hulaumiwa. Mpenzi hufa kwa kiu, mtoto hupotea porini, mke hunyauka kwa upweke, naye mhakiki hufunga kitabu akitangaza kwamba mazingira makali ndiyo hasimu mkuu wa fasihi hii. Makala haya yanapinga usomaji huo. Kosa lake si ufinyu tu. Unaurithi uongo wa hadithi zenyewe na kuuita sifa ya kifani.

Umahiri wa Henry Lawson haukaniki. Katika "The Drover's Wife", iliyochapishwa mwaka 1892 katika jarida la The Bulletin la Sydney, mke wa mswaga ng'ombe anakesha na wanawe wanne na mbwa, akimvizia nyoka aliyeingia chini ya nyumba. Usiku huo unabeba maisha yake yote: mtoto aliyemfia, moto, mafuriko, mume aliye mbali. Vivyo hivyo Joe Wilson and His Mates (1901) huanza na uchumba wenye soni na ucheshi, kisha humfikisha msomaji kwa Bi. Spicer, jirani aliyechakazwa na kazi, ambaye hata kifo kikimkaribia anahimiza maua yake yamwagiliwe maji. Lau uhakiki ungekuwa kuhesabu mbinu tu, kazi ingeishia hapo.

Lakini na kisomwe tena kisa cha kuni. Mwanamke huyo alikuwa amepatana na mwenyeji mweusi amletee kuni. Alipoliona rundo kubwa, alimsifu na kumwongeza tumbaku. Usiku wa nyoka anavuta ukuni mmoja, rundo lote linaporomoka: ndani lilikuwa tupu. Mwanamke analia, na wahakiki hulia naye. Hapohapo msimulizi anadokeza, kama mtu anayetaja rangi ya kofia, kwamba mjenzi wa rundo hilo alikuwa mfalme, tena wa mwisho wa kabila lake. Wa mwisho! Wenziwe walikwenda wapi? Nani aliyewamaliza? Tanzia ya umma mzima imetengewa kishazi kimoja, tena cha kunogesha dhihaka, ilhali kuni zilizopungua zimepewa machozi.

Itadaiwa kwamba si haki kumhukumu mwandishi wa 1892 kwa maadili ya leo. Hoja hiyo haina mashiko. Mauaji ya Myall Creek ya mwaka 1838 yalitokea katika koloni lilelile la New South Wales. Wenyeji wasiopungua 28 waliuawa, na wanaume saba wakanyongwa kwa kosa hilo kabla ya mwaka kwisha. Ukimya wa nusu karne baadaye hauwezi kuitwa kutojua. Ulikuwa uteuzi.

Isitoshe, jarida lililozilea hadithi hizi lilikuwa na itikadi yake. Kuanzia 1908, kwa zaidi ya miaka 50, lilitangaza waziwazi katika kaulimbiu yake kwamba Australia ni ya mzungu. Yaliyompata Barbara Baynton yanafunza zaidi. Hadithi yake ya mwanamke aliyeachwa peke yake na mtoto mchanga ilitokea humo mwaka 1896 kwa jina la "The Tramp", huku sehemu nzima ya mpanda farasi, ambaye anaukimbilia ukombozi wa nafsi yake akidhani mwanamke anayeomba msaada ni Bikira Maria, ikiwa imekatwa. Ilisomeka kamili katika Bush Studies, London, mwaka 1902, kwa jina la "The Chosen Vessel". Kwa Baynton nyika haiui mtu. Anayeua ni mzururaji. Anayepita bila kusaidia ni mcha Mungu. Aliyemwacha mahali hapo ni mumewe. Hatimaye tanzia imepata mkosaji mwenye miguu miwili! Hata hivyo, nayo haikuuliza ardhi ile ilikuwa ya nani.

Msomaji wa Kiswahili hana sababu ya kudanganyika hapa. Watu wa pwani waliwaita Wamijikenda "Wanyika", jina la dharau lililokwisha kukataliwa na wenyewe. Lakini hata dharau hiyo ilikiri kwamba nyikani mna watu. Nyika ya hadithi za Australia ilifutwa watu kwanza, ndipo upweke wa wapenzi wa kizungu ukaonekana mkubwa kiasi kile. Ni mantiki ileile ya ardhi isiyo na mwenyewe, ambayo Mahakama Kuu ya Australia iliikataa mwaka 1992 katika kesi ya Mabo. Majaji wameiacha, wahakiki bado wanaing'ang'ania kwa jina la "mandhari". Na humo mandharini, pamoja na miti na vumbi, ndimo anamoachwa pia yule mwanamke mweusi aliyeletwa na mumewe kutoka kijitoni kumwokoa mke wa mswaga ng'ombe, alipokuwa akijifungua bila mtu wa kumsaidia.