Sandarusi Haihojiwi kwa Moto Mmoja

Wapo wataalamu wanaochoma chembe ya kaharabu mara moja, kwa njia moja, kisha wakatangaza kwamba wamejua ilivyojengwa. Mimi nasema wamejua kilichonusurika na moto wao, basi.

Njia yenyewe, ambayo wakemia huiita pairolisisi, si ngeni kwa aliyewahi kuona tanuri la mkaa: kitu hupashwa moto pasipo hewa, kisiwake bali kivunjike. Maabarani, mvuke wa vipande hivyo hutenganishwa na kupimwa. Wengine hutumia tanuri dogo. Wengine hutumia waya wenye sumaku, ambao ukipashwa kwa umeme hufikia joto lake maalumu na kukomea hapo, waya wa chuma ukiwa nyuzi 770 za Selsiasi. Nidhamu nzuri, lakini haiponyi ugonjwa ninaousema.

Sandarusi ya pwani yetu, itokayo kwenye mti uitwao Hymenaea verrucosa, imejaa asidi. Kaharabu ya Baltiki nayo vivyo hivyo, tena ina asidi ya saksiniki. Ukizichoma hivi hivi, asidi nyingi huvunjika na kutoa kaboni dayoksaidi, na zinazosalia hunata njiani zisifike vizuri kwenye kipimo. Mchomaji huona haidrokaboni, akadhani ndiyo habari yote. Ati huo ndio ushahidi!

Mwaka 1991 Anderson na Winans, huko Marekani, walionyesha faida ya kuchanganya utomvu na dawa iitwayo TMAH wakati wa kuuchoma: asidi hugeuka esta na kupita salama. Lakini wasishangilie mapema walioikumbatia dawa hiyo. Ni kali, hukata hata esta zilizokuwamo tangu awali, kwa hiyo huwezi kujua kama asidi uliyoiona ilikuwa huru au imefungwa.

Jambo hili si la maabarani tu. Sandarusi changa huuzwa kama kaharabu ya mamilioni ya miaka, na mdudu aliyemo akapewa umri asio nao. Anayesema, “Haina saksiniki, basi ni changa,” naye anapotosha, maana kaharabu ya Jamhuri ya Dominika ni ya kale kweli, ilitoka kwenye mti wa jamii hiyo hiyo ya Hymenaea, na saksiniki haina. Chembe ile ile na ichomwe mara mbili, pamoja na dawa na bila dawa, na michoro yote miwili ichapishwe, hata ikipingana.