Aliyeacha pombe asichekwe, acheke

Anayengoja karatasi za mzigo Kobero anaweza kungoja saa mbili, anaweza kungoja siku mbili. Maroli yaliyotoka bandari ya Dar es Salaam yamepanga foleni upande wa Kabanga, madereva wameshuka, na muda wote huo lazima upitie mahali. Mara nyingi unapitia kwenye chupa: Primus kwa mwenye nazo, urwagwa kwa asiye nazo. Mtaji wa wengi umezamia hapo bila kuibwa na mtu.

Mlevi wa mpakani huchekwa sana. Hadithi ya siku aliyohesabu faranga za Burundi kama shilingi husimuliwa mwaka mzima. Siku akiacha, vichekesho haviishi, vinageuka tu: “Padri amefika, mleteeni maji.” Kiu mtu anaweza kuivumilia. Kuchekwa na wenzake wa kazi, watu anaowategemea kumkopesha na kumlindia mzigo, ni jambo gumu zaidi.

Hata hivyo, kosa si la kicheko. Alcoholics Anonymous, umoja wa walevi wanaosaidiana kuacha, ulianza Akron, Marekani, mwaka 1935. Wana kisa wanachokipenda: kikundi kimoja kilijitungia kanuni 61, mradi wote ukaporomoka. Aliyezitunga akaongeza ya 62, akiwaambia wenzake wasijichukulie kwa uzito kupita kiasi. Katika mikutano yao mtu husimulia aibu yake mwenyewe na wote hucheka, maana kila mmoja anayo ya kwake.

Wabudha nao, ambao tangu 2005 wana kituo chao karibu na Entebbe, Uganda, wana amri ya tano ya kujiepusha na vileo. Lakini mafundisho yao hayamtaki mtu apigane na tamaa kwa hasira. Yanamtaka aitazame inavyokuja na inavyoondoka. Anayeweza kuicheka tamaa yake inapomwambia “moja tu” ameshaitambua. Msomaji haombwi kubadili dini, na wala hilo si geni huku.

Utani wenyewe ni mali ya wafanyabiashara. Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo huelezwa kuwa ulikomaa kwenye njia za misafara ya karne ya 19, ambako mgeni alihitaji mtu wa kumpa maji na wa kumzika akifa. Mtani alikuwa na ruhusa ya kutukana kwa sababu alikuwa na wajibu wa kusaidia. Wanaomzomea mwenzao kwa soda yake wamechukua ruhusa wakaacha wajibu.

Kwa hiyo foleni ya Kobero haihitaji kununa, wala mahubiri. Aliyeagiza Fanta aletewe Fanta, na kisa cha siku aliyolala juu ya magunia hadi roli likavuka bila yeye aachiwe akianze mwenyewe, siku akiwa tayari.