Aliyegongwa kichwa asiulizwe kama anaweza kuendelea

NDUGU msomaji, wewe unayevuka Rusumo kila wiki unajua kwamba lile daraja limetenganisha pia majira. Ukiondoka upande wa Rwanda saa tatu asubuhi, ukifika ng'ambo unakuta wenzako wa Ngara wako saa nne. Ndiyo maana kwetu mpakani mtu akikupa miadi lazima umuulize: saa zetu au saa zao? Ni swali la kweli, na ni utani pia.

Utani huo ndio ulioniponza mimi na wenzangu.

Miaka michache iliyopita timu yetu ya wafanyabiashara ilivuka kwenda kucheza na wenzetu wa upande wa Tanzania. Mechi ya ujirani mwema, zawadi mbuzi mmoja na kreti kadhaa za soda. Mimi nilikuwa meneja, cheo ambacho kwa timu kama yetu maana yake ni kubeba mpira, maji na daftari la michango. Kipindi cha pili kilipoanza ikapigwa kona, kipa wetu akaruka kuufuata mpira, mshambuliaji naye akaruka, vichwa vikakutana juu kwa juu. Mlio ule nausikia hadi leo.

Kijana alilala chini lakini hakuzimia. Macho yalikuwa wazi. Tukammwagia maji, tukamkanda shingo, kisha nikamuinamia na kumuuliza: "Vipi, unaweza?" Akanijibu: "Naweza, mzee." Basi, ikawa imekwisha. Tulikuwa tunaongoza kwa bao moja, na kipa wa akiba alikuwa amebaki nyumbani anashusha lori la mahindi.

Baada ya dakika chache akaniita kutoka golini: "Mzee, mechi inaanza saa ngapi, saa zetu au zao?" Benchi zima likaangua kicheko. Nami nilicheka. Alipouliza mara ya pili, tukacheka tena. Tukashinda, mbuzi akachinjwa, yeye hakula. Alitapika tukiwa tunarudi, hatua chache kabla ya daraja, na hapo ndipo kicheko kilipoisha.

Hospitalini alipigwa picha ya kichwa, haikuonyesha kitu. Wengi wetu tulishusha pumzi, tukidhani ni mzima. Kumbe ugonjwa huu, ambao madaktari wanauita mtikisiko wa ubongo, mara nyingi hauonekani kwenye picha. Ubongo umekaa ndani ya fuvu ukizungukwa na majimaji. Kichwa kikigongwa au kikitikiswa kwa nguvu, ubongo nao unasukumwa, na utendaji wa chembe zake unavurugika hata kama hakuna mfupa uliovunjika wala damu iliyomwagika. Wengi wa wanaopatwa na hali hii hawazimii. Wanasahau, wanarudia swali lile lile, wanapata kizunguzungu na kichefuchefu, mwanga na kelele zinawaumiza, wengine wanakuwa wakali bila sababu.

Sasa fikiria kijana huyo ni mchuuzi wa mchele na dagaa. Kazi yake yote imo kichwani: anapokea shilingi, anarudisha faranga, anajua nani anadaiwa na nani amelipa nusu, na hana muda wa kutafuta kalamu. Kwa karibu miezi miwili hakuweza. Siku moja alimrudishia mteja chenji ya noti ya elfu tano wakati alipewa ya elfu mbili. Dada yake ikabidi aache biashara yake mwenyewe akae naye kibandani kumhesabia. Kelele za sokoni zilimfanya afunge saa nane mchana. Wateja, unawajua, hawangoji mtu apone.

Ndugu msomaji, siandiki haya ili nionewe huruma. Naandika kwa sababu nilikuja kugundua kwamba kosa langu si la mameneja wa mbuzi na soda peke yao. Hata wenye madaktari, machela na kamera kila kona wamelifanya.

Fainali ya Kombe la Dunia, Rio de Janeiro, tarehe 13 Julai 2014. Kiungo wa Ujerumani, Christoph Kramer, aligongwa na bega la beki wa Argentina katika dakika ya 17. Akaendelea kucheza. Katikati ya mchezo akamwendea mwamuzi, Nicola Rizzoli wa Italia, akamuuliza kama hii ndiyo fainali. Rizzoli naye mwanzoni alidhani ni utani, kisha akawaambia wenzake Kramer. Kijana alitolewa dakika ya 31. Nilipoisoma habari hiyo niliiweka chini simu yangu nikakaa kimya, maana nilimwona kipa wetu.

Wengi wenu mnakumbuka vizuri zaidi ile ya kwetu Afrika. Tarehe 25 Januari 2022, mjini Bafoussam nchini Kameruni, Senegal ilicheza na Cape Verde katika hatua ya 16 bora. Sadio Mané na kipa Vozinha waliukimbilia mpira mrefu, wakagongana vichwa. Kipa alionyeshwa kadi nyekundu. Mané alihudumiwa akarudi uwanjani, na muda mfupi baadaye akafunga bao. Mabaa yote yalilipuka kwa shangwe, nami nikiwemo. Dakika chache tu baada ya bao hilo akaketi chini, akatolewa, na akapelekwa hospitali. Tarehe 30, yaani siku tano baadaye, alianza kwenye mechi ya robo fainali dhidi ya Guinea ya Ikweta, na wiki moja baada ya hapo Senegal ikatwaa kombe.

Sisemi madaktari wa Senegal hawakumpima. Ninachosema ni kwamba yale tuliyoyaona kwenye luninga ndiyo vijana wetu waliyojifunza: mwanaume akigongwa kichwa anainuka, anafunga bao, anabeba kombe. Hakuna aliyewaambia kwamba mwongozo uliotolewa Uingereza mwaka 2023 kwa ajili ya michezo ya mitaani, ile isiyo na daktari wa kumfuatilia mchezaji kila siku, unamtaka aliyepata mtikisiko asirudi mashindanoni kabla ya siku 21, na kabla ya hapo awe amekaa siku 14 bila dalili yoyote. Siku tano ni za Mané mwenye jopo la madaktari. Sisi wa Rusumo, Kobero na Mutukula tuko kwenye kundi la siku 21.

Hivi ni nani mwenye jukumu la kumtoa mchezaji? Jibu la vijiweni ni kwamba mtu mzima anajijua mwenyewe. Hapana, na hapa ndipo kiini cha hoja yangu kilipo. Aliyetikisika ubongo ndiye mtu pekee uwanjani ambaye hawezi kuulizwa, kwa kuwa kifaa cha kutolea jibu ndicho kilichopata hitilafu. Ukimuuliza mtu aliyevunjika mguu, mguu utamjibia. Ukimuuliza aliyegongwa kichwa, atakujibu kwa mazoea na kwa aibu: naweza, mzee.

Kocha na meneja nao si watu wa kuulizwa, maana wana bao la kulinda. Mimi nilikuwa nampenda yule kijana kama mdogo wangu, na bado nilimwacha golini.

Tazama ngumi, mchezo ambao lengo lake hasa ni kichwa cha mwenzako. Hata huko bondia akianguka hajihesabii mwenyewe. Mwamuzi anamhesabia, anamtazama machoni, na akiona hafai anamaliza pambano hata kama bondia analia kwamba anaweza. Iweje basi soka letu, ambalo tunajidai ni mchezo wa kiungwana, tumwachie majeruhi ajitolee hukumu?

Wazee wenzangu tuliokulia Karagwe na Ngara tukarudi nyumbani miaka ya tisini, na wale waliotufuata mwaka 2013, tuna wimbo wetu mmoja: zamani tulicheza pekupeku, tuligongana, tuliendelea, na tupo. Ni kweli tupo. Lakini wale ambao hawapo hawaji kijiweni kubishana nasi. Pigo la pili likimpata mtu kabla la kwanza halijapona, ubongo unaweza kuvimba kwa ghafla. Ni jambo la nadra, ila huua, na vijana ndio walio hatarini zaidi. Zamani mtoto akianguka hivyo tulisema ni kifafa, au amerogwa.

Na wapo walioumia polepole. Mwaka 2002 daktari mzaliwa wa Nigeria, Bennet Omalu, akiwa kazini Pittsburgh nchini Marekani, alichunguza ubongo wa Mike Webster, nyota mstaafu wa mpira wa Kimarekani aliyefariki akiwa na miaka 50 baada ya kuharibikiwa kabisa na maisha. Alikuta madhara yaliyotokana na vipigo vya miaka mingi. Alipoyachapisha mwaka 2005, madaktari wa ligi walitaka makala yake yafutwe. Mwaka 2013 ligi hiyo hiyo ilikubali kuwalipa wachezaji wastaafu dola milioni 765, na baadaye ukomo huo nao ukaondolewa. Mfanyabiashara yeyote anaelewa maana yake: hakuna anayelipa fedha za namna ile kwa jambo ambalo halimhusu.

Nitaambiwa: sisi hatuna daktari. Sawa, lakini kumtoa mtu nje hakuhitaji daktari, kumrudisha ndiko kunakomhitaji. Anayehitajika uwanjani ni mtu mmoja asiye na timu, muuguzi akipatikana, asipopatikana hata mwalimu mstaafu, ambaye pande zote mbili zimekubaliana naye kabla ya filimbi kwamba akinyoosha mkono mchezaji anatoka bila mjadala. Usiku huo majeruhi asilale peke yake, asiendeshe pikipiki, asinywe pombe. Akitapika tena na tena, maumivu yakizidi, akipata degedege, mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine au akilala akawa haamshiki, ni hospitali saa hiyo hiyo. Na suala la nani analipa liandikwe kwenye karatasi ile ile inayotaja mbuzi. Kadi ya mituweli tuliyoizoea nyumbani haikutusaidia ng'ambo ya mto. Tuliingia mifukoni, na fedha zilipopungua tulikopa kwa wapinzani wetu.

Kikwazo kikubwa, nakiri, ni hesabu ya wachezaji wa akiba. Timu iliyomaliza mabadiliko yake itamtoaje mtu? Lakini hili wenye soka yao wamekwisha litatua. IFAB, chombo kinachotunga sheria za soka duniani, iliruhusu majaribio kuanzia Januari 2021, na tangu tarehe 1 Julai 2024 utaratibu umo ndani ya sheria kwa waandaaji wanaotaka kuutumia: mchezaji anayehofiwa kupata mtikisiko wa ubongo anabadilishwa nje ya hesabu ya kawaida, aliyetoka harudi, na timu pinzani nayo hupewa nafasi ya ziada ili pasiwe na manung'uniko. Haigharimu hata faranga moja.

Kipa wetu sasa anahesabu mwenyewe. Golini hakurudi, ingawa huja kutazama, na akiulizwa saa za wapi hucheka kama wengine. Mimi bado ni meneja. Mechi ya marudiano inakuja, na karatasi ya makubaliano nimeiandika kwa mkono wangu, nakala mbili. Wenzetu wa Ngara wamesaini tangu wiki iliyopita. Kamati yetu bado inabishana juu ya mchezaji wa ziada, kwa hofu kwamba wapinzani watatuletea mtu anayejifanya kagongwa ili waingize mshambuliaji mpya.