Sabufa ni ya Nyumba, Siyo ya Kijiji



Sabufa imeingia katika nyumba nyingi, hata huku kwetu Murusagamba. Inatuletea kwaya, taarifa ya habari na vipindi vya Redio Kwizera, iliyoanzishwa Ngara mwaka 1995. Lakini mara nyingi vitufe vyake huachiwa baba na vijana, na mama akitaka utulivu huchomoa waya. Tuvijue vitufe hivyo, kwa kuwa masikio ya watoto tumekabidhiwa sisi.

Vitufe vikubwa ni vitatu.

Kilichoandikwa VOLUME hupandisha na kushusha sauti yote. Kabla ya kuwasha, kirudishe chini kabisa, kisha upandishe polepole. Sauti ya ghafla humshtua mtoto, na spika huweza kuharibika.

Kilichoandikwa BASS ni cha mdundo mzito unaotoka kwenye boksi kubwa.

Kilichoandikwa TREBLE ni cha sauti nyembamba, kama za herufi "s" na "f", ambazo hufanya maneno yaeleweke.

Maneno yasiposikika vizuri, wengi hukimbilia VOLUME. Kumbe mara nyingi ni besi iliyoyafunika. Ipunguze, uongeze trebo kidogo, nawe utamsikia mtangazaji bila makelele. Wanaotumia sola watapata faida nyingine: mdundo mzito hula betri.

Besi ndiyo pia inayopenya ukuta. Jirani hasikii maneno ya wimbo, anasikia mdundo tu, na mgonjwa au mzazi aliyejifungua juzi hapati usingizi. Usiku ishushe kabisa. Boksi likikaa kwenye kona mdundo huongezeka, hivyo livute mbali kidogo na kuta. Mtoto asilazwe karibu nalo.

Shirika la Afya Duniani, katika kanuni zake za mwaka 2019 kuhusu vifaa vya kusikilizia, lilitaja desibeli 80 kwa saa 40 za wiki kwa mtu mzima, na desibeli 75 kwa mtoto. Nyumbani hatuna mashine ya kupimia, lakini kipimo kipo: ukilazimika kupaza sauti ili aliye karibu nawe akusikie, basi imezidi. Sikio likishaumizwa na kelele, mara nyingi halirudi kama zamani.

Jambo hili tuzungumze na waume zetu redio ikiwa imezimwa, siyo kwa kugombea rimoti mbele ya watoto. Tukubaliane saa ya kushusha besi, na kila mtu wa nyumba aijue.