Mvua ya Mungu, Uhaba wa Wanadamu

Kila mafuriko yanapoikumba nchi hii, hotuba hutolewa ile ile. Wananchi huambiwa kwamba maafa ni mapenzi ya Mwenyezi Mungu, kwamba yawapasa kuwa na subira, na kwamba serikali inafanya kila iwezalo. Juma moja baadaye petroli hukauka vituoni, dizeli huanza kuuzwa kwa madumu kando ya barabara, na nauli za matatu hupanda bila kikomo. Hapo hotuba hurudiwa neno kwa neno, kana kwamba bei nayo imedondoka kutoka mawinguni. Sisi tunakataa kuyachanganya mambo haya mawili. Mvua hatukuiita wala hatuna uwezo wa kuizuia. Uhaba unaoifuata una wenyewe, una sheria zilizouruhusu, na una historia ambayo mwananchi wa Taita Taveta anaijua kwa uchungu.

Hebu itazame ramani, ndugu msomaji. Voi imekaa juu ya barabara kuu iendayo Nairobi kutoka bandari ya Mombasa. Reli inapita hapo hapo. Chini ya ardhi limelala bomba la mafuta lililoanza kazi mwaka 1978, nalo lina vituo vya kusukumia mafuta Maungu na Manyani, katika ardhi yetu wenyewe. Mwenye akili timamu angedhani kwamba mji kama huo ungekuwa wa mwisho kukosa mafuta. Lakini bomba hilo halina mlango Voi. Bohari za kupakilia zilijengwa Mombasa, Nairobi, Nakuru, Eldoret na Kisumu. Mafuta huvuka chini ya nyayo zetu kwenda mbali, na yale tunayotumia sisi huletwa kwa lori la tangi juu ya lami, kupitia Mariakani na Mackinnon Road. Lami ikikatika, mchungaji anayelisha mbuzi wake juu ya bomba hana tofauti na mtu aliye jangwani.

Hali hii si ngeni kwetu. Tangu miaka ya 1950, maji ya chemchemi za Mzima yamekuwa yakisafiri kwa bomba kwenda kuwanywesha watu wa Mombasa, huku wengi wa wanaoishi karibu na njia yake wakiendelea kuhesabu mitungi. Zaidi ya nusu ya ardhi ya Taita Taveta imo ndani ya mbuga za Tsavo. Tumezoea kuwa njia ya mali za wengine. Tunasema hivi bila kumwonea wivu mtu wa Mombasa wala wa Nairobi, kwa maana nao ni wananchi wenzetu. Tunasema ili ieleweke kwamba uhaba wa mafuta Voi wakati wa mafuriko ni matunda ya mpango uliochorwa na watu, na kilichochorwa na watu kinaweza kuchorwa upya.

Onyo lilitolewa mapema. Januari 1993 mafuriko yaliling'oa daraja la reli la Ngai Ndethya, na gari la moshi la abiria likatumbukia mtoni. Zaidi ya watu 100 walifariki. Miaka minne baadaye zikaja mvua za El Niño, zilizoanza Oktoba 1997 na kuendelea hadi mwanzo wa mwaka 1998. Madaraja yalisombwa, makalvati yalizibuliwa kama vifuniko vya chupa, na barabara kuu ya Mombasa na Nairobi ikaharibika kiasi cha malori kukwama njiani kwa siku nyingi. Barabara ya kutoka Mwatate kwenda Taveta haikuwa na lami wakati huo. Ilikuwa ya udongo, na udongo wa Taita ukilowa hauna heshima kwa gurudumu.

Tukumbuke pia sheria ilivyokuwa wakati huo. Mnamo Oktoba 1994 serikali iliachilia biashara ya mafuta, na bei zikaachwa zipangwe na soko. Hatusemi kwamba soko ni dhambi. Tunachosema ni kwamba mlinzi wa zamani aliondolewa langoni kabla ya mlinzi mpya kuajiriwa. Haikuwapo tume huru ya kumtetea mnunuzi, na wala haikuwapo akiba ya taifa iliyowekwa kwa ajili ya siku mbaya. Soko la namna hiyo hufanya kazi siku za jua. Siku daraja linapoondoka, mwenye pipa huwa mfalme, na raia wake ni wote wenye dumu tupu.

Anayeumia ni nani? Si yule ambaye gari lake hujazwa mafuta kwa hati ya serikali. Ni mkulima wa milima ya Taita, ambaye nyanya na kabeji zake hazingojei daraja litengenezwe. Ni mama wa Wundanyi anayepeleka mahindi kwenye kinu cha dizeli na kuambiwa kwamba kusaga leo ni ghali kuliko mahindi yenyewe. Ni mgonjwa ambaye gari la hospitali limekosa lita chache za kumfikisha Voi. Ni mwanafunzi anayesoma kwa taa ya chemni, kwa kuwa mafuta ya taa hupanda bei pamoja na petroli na dizeli. Mafuta hayapandi bei peke yake. Hupanda na unga, chumvi, sabuni na nauli, na yakishuka, hivyo vingine husahau kushuka.

Wahenga walisema mgala muue na haki umpe. Mfanyabiashara wa mafuta ana hoja, nasi tunaikubali. Lori likizunguka njia ndefu, au likilala matopeni siku tatu, gharama yake ni ya kweli na lazima ilipwe. Ni kweli pia kwamba bei ikibanwa mno, mwenye mafuta huyapeleka kwingine au huyaficha, na wananchi hubaki na bei nzuri kwenye karatasi na pampu kavu mbele ya macho yao. Lakini gharama na ulanguzi ni vitu viwili. Mafuta yaliyofika kituoni kabla ya mvua hayakuzunguka njia yoyote ndefu. Anayeyapandisha bei usiku ule ule habari za daraja zinapotangazwa redioni hajalipa gharama. Ameuza hofu ya jirani yake. Na pasipokuwa na rekodi zilizo wazi kuhusu kiasi kilichomo matangini, hakuna awezaye kumtenga mwuzaji mwaminifu na mlanguzi, hata mwaminifu mwenyewe akaponzwa.

Sasa tufike kwenye kiini cha malalamiko yetu. Mwaka 1993 Bunge lilipitisha sheria ya kuunda Hazina ya Ushuru wa Kudumisha Barabara. Tangu hapo, kila lita ya petroli na dizeli inayouzwa nchini hubeba fedha za kutengeneza barabara. Ushuru huo ulifikia shilingi 18 kwa lita mwaka 2016, na Julai 2024 ukapandishwa hadi shilingi 25. Kwa hiyo mwananchi hulipia kalvati kabla ya mvua kunyesha. Mvua inapokuja na kalvati kung'oka, hulipa mara ya pili kwa bei ya mafuta yaliyozungushwa au kufichwa. Kisha hulipa mara ya tatu, kwa maana barabara iliyoharibika hujengwa upya kwa mkopo, kama ule wa dharura uliotolewa na Benki ya Dunia mwaka 1998 baada ya El Niño, na mkopo hulipwa kwa kodi. Malipo matatu kwa kalvati moja! Mahakama yoyote ingemwita mkandarasi wa namna hiyo kujibu mashtaka.

Watatuambia kwamba hayo ni ya kale. Tutawajibu kwa mambo ya karibuni. Ni kweli kwamba tangu Desemba 2010 bei za juu kabisa za mafuta hutangazwa kila mwezi, mji kwa mji, kazi ambayo sasa hufanywa na Mamlaka ya Udhibiti wa Kawi na Petroli. Hiyo ni hatua, nasi hatuibezi. Lakini Aprili 2022 pampu zilikauka na foleni zikatanda mijini bila tone la mvua kulaumiwa, kwa sababu serikali ilikuwa imechelewa kuyalipa makampuni ya mafuta fedha za ruzuku. Bei ilikuwepo, mafuta hayakuwepo. Mwaka uliofuata, Sheria ya Fedha ya 2023 iliongeza ushuru wa thamani ya ziada kwa mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16, na kufikia Oktoba petroli ikawa shilingi 217.36 kwa lita jijini Nairobi, bei ambayo haikuwahi kuonekana nchini. Mwezi huo huo Rais William Ruto aliwaambia wananchi kwamba El Niño iliyotabiriwa haingekuja, bali mvua kubwa kiasi. Novemba maji yakaja, yakaua watu na kuzifukuza familia makwao, na Pwani ikawa miongoni mwa sehemu zilizopigwa sana. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tumekuwa tukijenga ukuta ule ule tangu mwaka 1993.

Msomaji anaweza kuuliza jambo hili linahusu nini harakati za mageuzi. Linahusu kila kitu. Kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991, hatukupigania wingi wa bendera wala wingi wa nyimbo za vyama. Tulipigania haki ya kuuliza. Katika Bunge la chama kimoja, wanaothubutu kuuliza walikuwa wa kuhesabika, na Taita ina fahari kwamba mmoja wao, Mashengu wa Mwachofi, alikuwa mbunge wa Wundanyi. Mnamo Desemba 1997 wananchi walipiga kura katikati ya mvua ile ile ya El Niño, na upigaji kura ulioanza tarehe 29 ukalazimika kuendelea hadi tarehe 30. Watu waliovuka matope ili kupiga kura wana haki ya kuuliza matope hayo yalitoka wapi na fedha za lami zilikwenda wapi.

Katiba ya mwaka 2010 imetupa silaha ambazo wazee wetu hawakuwa nazo. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kifungu cha 46 kinalinda maslahi ya kiuchumi ya mnunuzi. Kifungu cha 201 kinadai uwazi na uwajibikaji katika fedha za umma. Hata hivyo, kuanzia mwaka 2024 magavana na Bunge la Taifa wamevutana juu ya shilingi bilioni 10.5 za ushuru wa barabara, kila upande ukidai kwamba ndio wenye haki ya kuzitumia. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi; na nyasi hizo ziko Mwatate, Kasighau, Bura na Taveta.

Kwa hiyo tunadai mambo manne. Kwanza, itangazwe kila mwaka, kwa lugha ambayo mwananchi anaielewa, ni kiasi gani cha ushuru wa barabara kilichotumika katika Taita Taveta, na kwa daraja lipi au kalvati lipi. Pili, iwekwe akiba ya mafuta ya dharura Voi, na wahandisi waseme hadharani ikiwa bomba linalopita Maungu linaweza kufunguliwa mlango kwa ajili hiyo au la, na kwa nini. Tatu, uwepo utaratibu wa kisheria wa ugawaji wakati wa maafa: hospitali kwanza, kisha pampu za maji, vinu vya unga na magari ya abiria, kabla ya misafara ya wakubwa. Nne, kila kituo kitangaze kiasi cha mafuta kilichomo matangini pindi barabara inapokatika, na anayeficha au kupunja vipimo ashtakiwe, awe mdogo au kigogo.

Nawe, ndugu msomaji, usingoje mawingu yakusanyike. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi lako ndani ya siku 21, na ndani ya saa 48 ikiwa habari hizo zinahusu uhai au uhuru wa mtu. Andikeni maombi hayo, kata kwa kata, kanisa kwa kanisa, msikiti kwa msikiti. Ulizeni kalvati za njia yenu zilikaguliwa lini na ni nani aliyetia sahihi. Nendeni na majibu hayo kwenye vikao vya bajeti ya kaunti, na mkinyimwa majibu, nendeni na barua za kunyimwa, kwa sababu hizo nazo ni ushahidi. Mvua itakuja tena, kwa wakati wake. Ikutane na daraja lililokaguliwa, tangi lenye akiba, na wananchi wanaoshika risiti zao mkononi.