Mizani Kwanza, Kasi Baadaye
Katika fainali ya taekwondo ya Olimpiki ya Rio de Janeiro mwaka 2016, uzani wa kilo 80, Cheick Sallah Cissé wa Kodivaa alikuwa nyuma kwa pointi 6 kwa 4 dhidi ya Mwingereza Lutalo Muhammad, pambano likielekea ukingoni. Akazunguka, mguu ukatua kichwani, akazoa pointi 4 na kuipa nchi yake dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki. Kijana anayetamani teke kama lile hukimbilia nguvu, na hapo ndipo anapopotea. Teke la kuzunguka lina mpangilio wake: mguu wa mbele hugeuka juu ya sehemu ya mbele ya unyayo, kichwa hutangulia, macho humpata mpinzani juu ya bega, nyonga hufuata, goti hupanda, na mguu hufika mwisho. Anayerusha mguu kabla ya kuona hupiga hewa, akayumba na kumwachia mpinzani mgongo. Goti nalo huumia mwili unapozunguka ilhali unyayo umeganda sakafuni. Makocha, msiharakishe kuwapa chipukizi pedi. Wazungusheni kwanza bila teke, polepole, kulia na kushoto, hadi wasimame imara. Kisha wapige chini, kisha kiunoni, ndipo wapande kichwani. Mwanafunzi aliyeimudu mizani yake ataongeza kasi; aliyeanza na kasi atalazimika kurudi kujifunza kusimama.