Rangi Kwanza, Chuma Baadaye

Katika mdahalo wa muhula huu wenzangu wa Kidato cha Nne walishinda kwa kusema kwamba nguvu ya manowari ni ukubwa wake, na makofi waliyopigiwa yalikuwa mengi. Mimi nilikuwa upande ulioshindwa. Kwa kuwa Bwana Mhariri amenipa nafasi, naomba wasomaji wanisikilize tena, maana siku ile kengele ililia kabla sijamaliza.

Manowari ichukuayo ndege ni kiwanja cha ndege kinachoelea. Wazee waliokuwa Dar es Salaam Januari 1964, wakati wa maasi ya askari, huenda waliiona moja, HMS Centaur ya Waingereza, iliyoshusha askari wake kwa helikopta. Hiyo ilikuwa ndogo. Zile kubwa za Marekani hufika tani 100,000, na urefu wake wapita viwanja vitatu vya mpira.

Hata hivyo kwa ndege kiwanja hiki ni kifupi mno. Zamani ndege ilitua ikitokea tezi kuelekea omo, na kulabu iliyo chini ya mkia wake ilinasa moja ya nyaya zilizotandazwa juu ya sitaha. Kulabu ikikosa waya, mbele palikuwa na wavu. Na nyuma ya wavu zilipangwa ndege nyingine zenye mafuta, na watu wakizihudumia. Zilipokuja ndege za jeti, nzito na zenye kasi kuliko za rafadha, kila kutua kukawa kama kucheza kamari kwa roho ya rubani, na kwa roho za wenzake walio mbele.

Wengi wetu tungejibu: basi ongezeni urefu wa meli. Mwaka 1951 Kapteni Dennis Cambell wa jeshi la maji la Uingereza alijibu vingine: geuzeni njia. Njia ya kutulia ikielekezwa kushoto kwa nyuzi chache tu, rubani aliyekosa waya haoni kitu mbele yake ila bahari. Huongeza nguvu ya injini, hupaa, huzunguka, na kujaribu tena.

Nami linalonipendeza zaidi ni jinsi wazo hili lilivyopimwa. Hawakuunda meli. Mwaka 1952 walichukua HMS Triumph, wakapaka mistari ya mshazari juu ya sitaha yake, na marubani wakawa wanagusa sitaha na kuruka tena. Rangi na brashi, basi! Kisha Wamarekani wakaongeza kipande cha sitaha katika meli waliyokuwa nayo, Antietam, na mwaka 1953 ndege zikatua kweli na kunaswa. Manati ya mvuke ya Colin Mitchell, irushayo ndege kama mtoto arushavyo jiwe, nayo ilijaribiwa kwanza katika HMS Perseus. Ndipo ramani ya Forrestal, meli kubwa iliyokuwa ikiundwa Virginia, ilipobadilishwa. Nayo ilipoanza kazi mwaka 1955 ilikuwa na sitaha ya mshazari na manati ya mvuke pia.

Wajapani walikuwa wamefanya kinyume. Shinano, manowari ya ndege iliyozizidi zote za vita ile kwa ukubwa, ilipelekwa baharini Novemba 1944 kabla milango yake ya kuzuia maji haijakamilika. Topido nne za nyambizi moja ziliipata, ikazama kwa saa chache, na watu zaidi ya 1,400 wakafa. Ukubwa wote ule haukuwafaa kitu.

Msemaji mkuu wa upande wa pili alitaja Gerald R. Ford ya Marekani, iliyogharimu kama dola bilioni 13. Mfano huo naona ni wangu. Manati zake za umeme zilijaribiwa nchi kavu kwanza, lakini lifti zake mpya za kupandishia mabomu zilitiwa melini bila jaribio la namna hiyo. Meli ilianza utumishi Julai 2017. Lifti ya mwisho kati ya 11 ilikuwa tayari Desemba 2021. Kwa sehemu ndogo ya fedha zile lifti moja ingejengwa ufukoni, ikapandishwa na kushushwa usiku na mchana mpaka kasoro zake zote zijulikane.